Mama Yake Hecuba

Homer alimtaja Hecuba kwa mumewe, kwa wanawe, kwa kaka yake na kwa baba yake. Kwa mama yake hakumtaja. Katika vitabu 24 vya Iliad, utendi wenye mistari zaidi ya 15,000, hakuna mahali tunapoambiwa ni mwanamke gani aliyemzaa malkia wa Troy, mke wa Priam, mama yake Hector na Paris. Mwanamke huyo asiyetajwa ndiye ninayemtafuta katika sura hii, na nitamtafuta kwa bidii ileile ambayo wengine huitumia kwa mashujaa, kwa sababu jinsi alivyopotea inatufunza mengi juu ya namna Wagiriki walivyozitunza nasaba zao.

Hata baba yake Hecuba tunampata kwa bahati. Katika kitabu cha 16, Hector amesita kwenye lango la mji. Hajui arudi vitani au awaite watu wake waingie ndani ya kuta. Apollo anamjia kwa sura ya mwanamume aitwaye Asius na kumhimiza arudi kupambana na Patroclus. Homer anaona ni lazima aeleze Asius ni nani, na maelezo yake ni mafupi: ni mjomba wake Hector, ndugu wa damu wa Hecuba, mwana wa Dymas, naye aliishi Phrygia kando ya mto Sangarius. Basi. Kama mungu asingehitaji sura ya mjomba ya kujivika siku ile, tusingejua kutoka kwa Homer kwamba Hecuba ni binti Dymas.

Mto Sangarius upo hadi leo. Waturuki wanauita Sakarya, nao unakata Anatolia na kumwaga maji yake katika Bahari Nyeusi, mbali upande wa mashariki wa mahali Troy iliposimama. Kwa hiyo Hecuba wa Homer ni mgeni katika mji anaoutawala, mke aliyetolewa mbali. Katika kitabu cha 3, Priam akiwa mzee juu ya ukuta anakumbuka kwamba alipokuwa kijana alikwenda Phrygia na kuliona jeshi lililopiga kambi kando ya mto huohuo, akawa mshirika wao siku walipokuja Waamazoni. Homer haunganishi safari hiyo na ndoa. Msikilizaji anaweza kuziunganisha mwenyewe: wafalme waliopigana bega kwa bega mara nyingi waliishia kuwa wakwe.

Ukimya huu haukutokana na Homer kutowajali akina mama. Andromache, mkewe Hector, naye hatajiwi jina la mama yake, lakini tunaambiwa kisa chake: alikuwa malkia chini ya mlima Placus, Achilles alimteka pamoja na mali, akakombolewa kwa fidia kubwa, kisha akafa nyumbani kwa baba yake kwa mishale ya Artemis. Ni maisha mazima katika mistari michache, bila jina. Mama yake Hecuba hakupewa hata hayo. Hana jina, hana kisa, hana kifo.

Pengo hilo ndilo lililowapa kazi waliokuja baadaye, na hapo nasaba inaanza kuchacha.

Wa kwanza tunayemjua ni Pherecydes wa Athens, mwandishi wa karne ya 5 KK aliyekusanya nasaba za miungu na mashujaa katika vitabu 10. Vitabu vyake vimepotea. Tunavijua kwa vipande tu, kupitia maelezo ambayo wafafanuzi wa kale waliyaandika pembezoni mwa nakala za Homer na za Euripides. Mfafanuzi wa Iliad, akifika kwenye habari za Asius, anasema Pherecydes alimtaja Hecuba kuwa binti wa Dymas na nimfu Eunoe. Mfafanuzi wa Euripides naye anamnukuu Pherecydes huyohuyo, lakini nimfu anayetokea kwake ni Euagora, naye anatoa nafasi kwa wazo kwamba baba si Dymas bali ni mto Sangarius wenyewe. Mwandishi mmoja, akina mama wawili. Majina yote mawili yanaanza kwa herufi zilezile, na yeyote aliyewahi kutazama hati iliyonakiliwa kwa mkono kizazi baada ya kizazi atajua jinsi jina lisilo na umaarufu linavyoweza kugeuka chini ya kalamu iliyochoka. Jina la Achilles halikuwa katika hatari hiyo, kwa sababu kila mwandishi alilijua kabla hajalisoma. Jina la nimfu wa mto wa mbali halikuwa na mtetezi.

Mfafanuzi huyo wa Euripides anaongeza jina la tatu: wapo waliosema mama ni Glaucippe binti Xanthus. Xanthus ni jina la watu kadhaa katika visasili, lakini pia ni jina ambalo, kwa mujibu wa Iliad, miungu waliuita mto Scamander, mto wa Troy yenyewe. Kama ndiye aliyekusudiwa, basi Hecuba anaacha kuwa mgeni kabisa, maana kuukeni anakuwa mtoto wa maji yaleyale yanayonywesha mji wa mumewe.

Jina la nne linatoka katika Maktaba, kitabu cha muhtasari wa visasili kilichobeba jina la Apollodorus. Yeye hafungamani na upande wowote. Anasema Hecuba ni binti wa Dymas, au kama wasemavyo wengine, wa Cisseus, au kama wasemavyo wengine tena, wa mto Sangarius na Metope.

Cisseus! Huyu hatoki Phrygia. Ni mfalme wa Thrace, upande wa pili wa mlango wa bahari, kwenye ardhi ya Ulaya. Homer anamjua vizuri, ila kwa kazi nyingine: kwake Cisseus ni baba yake Theano, kuhani wa kike wa Athena mjini Troy na mke wa mzee Antenor. Katika kitabu cha 11 tunaambiwa hata kwamba Cisseus alimlea mjukuu wake Iphidamas huko Thrace na kumwoza binti yake mwingine. Katika kitabu cha 6, Hecuba anachagua vazi zuri kuliko yote ghalani mwake, analipeleka hekaluni, na Theano binti Cisseus ndiye anayewafungulia wanawake milango, analipokea vazi, analiweka magotini pa sanamu ya mungu na kuomba kwa sauti. Athena anakataa. Wanawake wawili wamesimama pale uso kwa uso, na Homer hasemi hata kwa kudokeza kwamba ni ndugu.

Euripides ndiye aliyewafanya ndugu, ingawa hakulisema jambo hilo moja kwa moja. Tanzia yake Hecuba, iliyoigizwa Athens yapata mwaka 424 KK, inafunguliwa na mzuka wa kijana Polydorus, ambaye anajitambulisha papo hapo kuwa mtoto wa Hecuba binti Cisseus na wa Priam. Mtazamaji aliyekuwa amekariri Homer, na Athens ilikuwa na wengi wa namna hiyo, alisikia mabadiliko mawili kwa mpigo mmoja. Kwa Homer, Polydorus si mtoto wa Hecuba hata kidogo: mama yake ni Laothoe, mke mwenza, binti Altes mfalme wa Waleleges, naye Polydorus anauawa vitani na Achilles. Euripides alimhamishia mtoto kwa Hecuba na akamhamishia Hecuba kwa baba mwingine.

Nionavyo mimi, mabadiliko hayo mawili ni uamuzi mmoja, na yanafaa kusomwa pamoja. Tanzia inatendeka Thrace. Troy imeanguka, Hecuba ni mateka, na mwanawe wa mwisho alikuwa amefichwa pamoja na dhahabu kwa Polymestor, mfalme wa Thrace na rafiki wa nyumba. Polymestor anamuua kijana kwa tamaa ya dhahabu na kumtupa baharini. Kisha Wagiriki wanamchinja binti yake Hecuba, Polyxena, juu ya kaburi la Achilles. Maiti ya Polydorus inapoletwa, mama analia, kisha anaacha kulia na kupanga. Anamvuta Polymestor na wanawe wawili wadogo ndani ya hema la wanawake. Watoto wanachomwa visu, na yeye anatobolewa macho kwa vibanio vya nguo. Sasa mtazame Hecuba kama binti Cisseus. Anayemsaliti ni mtu wa nchi ya baba yake. Ardhi anayofikia akiwa mtumwa ni ardhi aliyotoka akiwa binti mfalme. Anaambiwa na yule kipofu kwamba atageuka mbwa na kwamba kaburi lake litakuwa alama ya mabaharia, na mahali penyewe, rasi ya Cynossema, pako kwenye rasi ya Gallipoli ya leo. Waathene walipigana vita vya majini hapo mwaka 411 KK. Yaelekea kaburi lilikuwa Thrace kabla Euripides hajashika kalamu, na kwa baba mpya anafanya Hecuba azikwe kwao.

Ila kumpa Hecuba baba mpya kunampa pia ndugu. Hesabu yake ni rahisi: kama Cisseus ni baba yake, basi Theano ni ndugu yake. Na kisa cha Theano baada ya vita ni kigumu kukisoma ukiwa na udugu huo akilini. Mapokeo ya Kigiriki yanasema Wagiriki waliangika ngozi ya chui kwenye mlango wa nyumba ya Antenor ili iachwe salama, kwa sababu aliwahi kuwakaribisha wajumbe wao. Theano alitoka Troy akiwa na mume na watoto. Hecuba alitoka akiwa amefungwa, amebaki bila mume, na watoto wake wanaisha mmoja baada ya mwingine. Kwa Homer hao ni wanawake wawili wa mji mmoja. Kwa nasaba ya Euripides ni watoto wa baba mmoja.

Na mama? Mwandishi aitwaye Athenion, ambaye jina lake limesalia katika ufafanuzi uleule wa Iliad, alijibu: Cisseus na Telecleia. Hilo ndilo jina la tano.

Warumi waliirithi hitilafu hii nzimanzima. Mfafanuzi Servius anatuambia kwamba Ennius, Pacuvius na Virgil walimfuata Euripides, na kweli katika Aeneid Hecuba anaitwa kwa jina la Cisseus pale inapotajwa ndoto yake ya kuzaa kijinga cha moto, ndoto iliyomtabiri Paris. Ovid, ambaye aliandika Metamorphoses zaidi ya miaka ishirini baada ya kifo cha Virgil mwaka 19 KK, alirudi kwa Homer: kwake Hecuba ni binti Dymas, hata pale anapobweka. Washairi wawili wakubwa wa kizazi kimoja na kingine, katika mji mmoja, hawakukubaliana juu ya baba, na wote wawili walinyamaza juu ya mama.

Ndiyo maana swali la Kaisari Tiberio lilikuwa na makali. Wasomaji wa Injili ya Luka wanamjua kutoka mwanzo wa sura ya tatu, ambapo mwaka wake wa kumi na tano madarakani unatumika kutia tarehe mahubiri ya Yohana. Alitawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK. Kabla ya hapo aliishi miaka kadhaa katika kisiwa cha Rhodes akihudhuria madarasa ya wasomi wa Kigiriki, na mapenzi yake kwa visasili hayakumtoka. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anasema aliwajaribu walimu wa fasihi kwa maswali ya namna tatu: Mama yake Hecuba alikuwa nani? Achilles alipofichwa miongoni mwa wasichana aliitwa nani? Siren walikuwa wakiimba nini? Suetonius anaona huo ni upuuzi wa kuchekesha.

Waliokaa mezani hapo hawakucheka. Suetonius mwenyewe anasimulia habari ya mwalimu Seleucus, aliyegundua kwamba maswali ya chakula cha jioni yalitoka katika vitabu ambavyo Kaisari alikuwa amevisoma mchana. Akawauliza watumishi ni vitabu gani, akawa anakuja amejiandaa. Tiberio alipojua alimfukuza kwanza katika kundi lake, kisha akamlazimisha kujiua. Elimu ya nasaba ilikuwa na gharama ya damu katika nyumba ile.

Yatazame tena yale maswali matatu. La kwanza ni la mama. La pili ni la jina la kike, ambalo Hyginus analitaja kuwa Pyrrha. La tatu ni la wimbo wa viumbe wa kike. Juvenal, akiandika karne iliyofuata, anawahurumia walimu wanaovamiwa njiani kuelekea bafuni na kuulizwa yaya wa Anchises alikuwa nani, na mama wa kambo wa Anchemolus aliitwa nani na alitoka wapi. Seneca anawakejeli wanaojishughulisha na umri wa Hecuba akilinganishwa na Helen. Mama, yaya, mama wa kambo, msichana wa bandia. Maswali ya kuwakomoa wasomi yalihusu wanawake kwa sababu ndio walioachwa bila majina na washairi, na pale mshairi alipokaa kimya ndipo palipokuwa na swali gumu. Wanaume wa nasaba walikuwa wamekwisha kuhesabiwa. Suetonius, Seneca na Juvenal waliuona upuuzi katika swali. Mimi nauona katika ukimya uliolizaa.

Tena kwa Tiberio swali halikuwa la watu wa mbali. Mwaka 4 BK Augustus alimfanya mwanawe wa kupanga, akaingia katika ukoo wa Julius, ukoo uliojinasibisha na Aeneas, shujaa wa Troy, kupitia mwanawe Ascanius, aliyeitwa pia Iulus. Katika Aeneid, mama yake Ascanius ni Creusa binti Priam, na katika orodha ya Apollodorus Creusa ni mtoto wa Hecuba. Ukifuata uzi huo upande wa wanawake, kutoka Ascanius hadi Creusa, hadi Hecuba, hatua inayofuata ni mwanamke tunayemtafuta. Kaisari aliyeuliza mama yake Hecuba ni nani alikuwa anauliza, kwa hesabu ya ukoo wake mwenyewe, juu ya bibi wa mababu. Suetonius haonyeshi kwamba alilifikiria hilo. Lakini wakati huohuo mwanahistoria Livy, akiandika chini ya Augustus, alikataa kuamua kama Ascanius wa Roma alizaliwa na Creusa au na Lavinia, mke wa pili wa Aeneas, kwa hoja kwamba nani awezaye kuthibitisha mambo ya zamani kiasi hicho. Baba wa ukoo wa watawala alikuwa dhahiri, na shaka ikakaa kwa mama.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1658, tabibu Mwingereza Thomas Browne aliyakumbuka maswali ya Tiberio katika kitabu chake juu ya mazishi ya kale. Aliutaja wimbo wa Siren na jina la Achilles, akasema kwamba hata mambo hayo, ijapokuwa yanatatiza, yanaweza kukisiwa. Mwaka 1841 Edgar Allan Poe aliyachukua maneno hayo ya Browne na kuyaweka juu ya hadithi yake ya mauaji ya Rue Morgue, ambayo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa hadithi za upelelezi. Kwa njia hiyo maswali mawili ya Kaisari yamesomwa na mamilioni. Lile la mama yake Hecuba, ambalo Suetonius analiweka la kwanza, Browne hakulitaja, na hivyo halikumfikia Poe wala wasomaji wake. Ni hasara, maana kati ya maswali yote matatu ndilo lenye ushahidi unaoweza kupimwa.

Basi tuupime. Telecleia anategemea Cisseus, na Cisseus wa Homer ni baba yake Theano, si wa Hecuba; Euripides alimhamisha kwa manufaa ya tanzia yake, na Athenion akamtafutia mke wa kukamilisha ndoa hiyo. Huyo namwondoa. Metope anategemea wazo kwamba mto wenyewe ndiye baba. Wazo hilo si geni kwa Wagiriki, kwani katika Iliad yenyewe Asteropaeus ni mjukuu wa mto Axius, lakini kwa Hecuba linaonekana kukua kutoka katika maneno ya Homer kuhusu mahali alipokaa Asius: kutoka kukaa kando ya mto hadi kuzaliwa na mto si hatua ndefu. Glaucippe anakuja bila jina la mwandishi, kwa neno la jumla la kwamba wapo waliosema. Anabaki nimfu wa Pherecydes. Yeye ndiye wa zamani kuliko wote tunaoweza kuwatia tarehe, anakaa pamoja na Dymas kama Homer alivyosema, na hamhitaji Hecuba ahame Phrygia. Kati ya Eunoe na Euagora namchagua Eunoe, kwa sababu ufafanuzi unaomtaja unajibu swali hilohilo, nani alikuwa mama wa Asius na Hecuba, na unamtaja pamoja na Dymas bila kusitasita kati ya mfalme na mto.

Atakayefungua kamusi ya visasili na kukuta Hecuba ameandikiwa mama mmoja pasipo kutajwa nani alisema hivyo, ajue kwamba mwandishi wa kamusi hiyo ameamua kwa niaba yake, na aidai sababu.